Kaa-kwato kwenye tangi la nyumbani: anafugika au tunamtesa tu?

Mwana wa Feri (mleta mada)
Wakuu, salaam. Nipo New Jersey, nina tangi la maji ya chumvi la galoni 55, yaani kama lita 208, samaki wachache na mchanga chini. Duka ninalonunulia chumvi wameleta wale wanyama wa gamba la mviringo lenye umbo la kwato ya farasi na mkia mrefu mwembamba. Bado wadogo, upana wa sarafu. Muuzaji ananihakikishia kwamba huyu ni mfagiaji: "muweke tu atakusafishia mchanga, wala hahitaji kulishwa". Bei yake ni ndogo kuliko ya samaki mmoja wa rangi. Binti yangu ameshampa jina na hata hatujamnunua.

Kilichonifanya nisite ni kwamba pale dukani wamewekwa kwenye tangi lenye kioo kitupu chini, hakuna hata punje ya mchanga. Wanatembea kufuata ukuta, wakifika kona wanajaribu kupanda, wanaanguka chali, wanajigeuza kwa ule mkia, wanaanza upya. Nilisimama pale muda wote wa kupimiwa chumvi na hawakutulia. Ni tabia yao au kuna jambo? Anayewajua kwa kuwahudumia anisaidie, tafadhali. Mods msiuhamishe uzi kwenye jukwaa la mapishi.

Mzee wa Mawimbi
Naweka kiti. Sijui lolote, ila uzi unanoga.

Tozo Haina Baba
Mkuu, si ndio wale wenye damu ya bluu inayouzwa kwa bei mbaya? Nunua hamsini, fuga, kamua, tajirika. Ndoo nitaleta mimi.

Fundi Tangi
Mleta mada, usimnunue. Nipo Baltimore, kazi yangu ni kuhudumia matangi ya watu majumbani na maofisini, na hawa nimewakuta kwa wateja mara nyingi mno, wengi wakiwa wameshakufa na mwenye tangi hana habari.

Huyo si mfagiaji. Haishi kwa kula uchafu wala mwani. Anachimba mchanga akitafuta nyama: minyoo, chaza wadogo, konokono wadogo, vijidudu vinavyoishi humo. Hivyo hivyo vijidudu ndivyo vinavyokusaidia wewe kuweka mchanga wako hai. Ukimtia kwenye tangi la nyumbani anavimaliza, na baada ya hapo anaendelea kuchimba mahali ambapo hakuna kitu. Wewe ukiangalia unaona mnyama mchapakazi, mchanga unageuzwa kila siku, unafurahi. Kumbe anatafuta chakula hakioni.

Na njaa yake haionekani. Samaki akikonda utamwona tumbo limeingia ndani. Huyu mwili wote uko chini ya gamba, na gamba halisinyai. Atatembea hivyo hivyo, ukubwa ule ule, mpaka siku moja hatoki mchangani. Hata kwenye maabara na akwariamu za umma, kwa watu wenye daktari wa mifugo na chakula cha kutosha, imeonekana kwamba kaa-kwato wakikaa kifungoni protini ya damu yao inashuka. Sasa fikiria yule aliyeambiwa mnyama wake hahitaji kulishwa.

Wale wa dukani kuzunguka kioo si ajabu. Mnyama huyu mchana hujizika. Mnyang'anye mchanga, atautafuta mpaka achoke.

Bi Mkubwa wa Kisauni
Fundi, swali la mama wa nyumbani. Akilishwa vizuri je? Maana mbuzi naye akinyimwa majani atakufa, haina maana mbuzi hafugiki.

Fundi Tangi
Swali zuri, Bi Mkubwa. Akilishwa anaweza kuishi, nami nimeona mmoja anayekwenda vizuri kwa mtu anayejua anachofanya. Ila hesabu ya ukubwa inakuja kukukamata.

Huyu wa upana wa sarafu ana mwaka mmoja au miwili. Kaa-kwato wa Marekani hukua kwa kujivua gamba, na kila akijivua anaongezeka kama robo hivi. Mpaka akomae atajivua mara 16 hadi 18. Dume hukomaa akiwa na miaka 9 au 10, jike 10 au 11, na anaweza kufika miaka 20. Jike mzima, ukipima na mkia, hufika sentimita 60, na gamba lake peke yake ni karibu sentimita 30 kwa upana.

Mwana wa Feri, chukua futi upime tangi lako kutoka kioo cha mbele hadi cha nyuma. Galoni 55 la kawaida lina sentimita 33 hapo. Mnyama mzima hataweza hata kugeuka. Wanaosema "nitanunua kubwa akikua" nawajua, na hilo tangi kubwa sijawahi kuliona. Huwa halihitajiki, kwa sababu hakui: anakufa mdogo.

Basi kuna dalili moja nawaambia wateja waishike. Mtoto wa kaa-kwato anayeshiba anajivua gamba. Kama mwaka umepita na hujaokota hata gamba moja tupu, huyo hashibi, hata kama anatembea tangi zima.

Nahodha Mstaafu
Mbona mnamuongelea kama mgeni? Hawa Mtwara tunawaona, wananaswa kwenye nyavu.

Shombe la Unguja
Nahodha, kwa heshima zote, hao si wao. Kaa-kwato wamebaki aina nne tu duniani. Mmoja yuko pwani ya mashariki ya Marekani, kutoka Maine hadi Florida, mpaka Ghuba ya Meksiko na Yucatán. Watatu wengine wako Asia: yule mkubwa wa Japani, China, Vietnam hadi Ufilipino na Borneo, mwingine anaanzia Ghuba ya Bengal kwenda Asia ya Kusini-Mashariki, na yule mdogo wa kwenye mikoko ya huko huko. Upande wetu wa Bahari ya Hindi hayupo. Ninachohisi unakiona ni wale kamba bapa wasio na sharubu ndefu, wanaonaswa sana na nyavu za chini. Ukiwa na picha tuwekee.

Na kwa wanaodhani ni kaa: si kaa. Ukoo wake uko karibu na buibui na nge kuliko kaa tunaemtia nazi. Visukuku vya jamaa zake vimekutwa Manitoba, Kanada, vyenye umri wa miaka milioni 445. Dinosaria wamekuja wakaondoka, yeye yupo.

Nahodha Mstaafu
Picha sina. Ila sharubu ndefu hana kweli. Nitamwangalia vizuri safari nyingine.

Tozo Haina Baba
Bado hamjajibu biashara yangu ya damu.

Dokta wa Mtaa
Nakujibu mimi, maana nafanya kazi maabara ya hospitali. Damu yake ni ya bluu kwa sababu inabeba oksijeni kwa shaba, wakati yetu inatumia chuma. Ila bei haitokani na rangi. Ndani yake kuna seli ambazo zikikutana na sumu ya aina fulani ya bakteria, damu inaganda papo hapo. Frederik Bang aliliona hilo kwenye miaka ya 1950, halafu yeye na Jack Levin wakaligeuza kuwa kipimo. Marekani ilikiruhusu rasmi 1977. Kabla ya hapo dawa za sindano zilijaribiwa kwa kudunga sungura na kusubiri kama atapata homa. Leo dripu, chanjo, hata nyonga ya bandia hupimwa kwa njia hiyo.

Sasa wewe na ndoo yako. Wanaokamua ni kampuni zenye vibali, wanachukua wazima kutoka baharini, wanawatoa sehemu ya damu na kuwarudisha. Sio wote wanaopona. Makadirio yanayotumiwa na wasimamizi wa uvuvi ni kwamba asilimia 15 hivi hufa, na watafiti wengine wamepata zaidi. Hakuna maabara itakayonunua kikombe cha damu kutoka sebuleni kwako. Na soko lenyewe linaelekea kwingine: Ding Jeak Ling na Ho Bow wa Singapore walitengeneza ile protini ya damu yake inayoitambua sumu ya bakteria, bila kumkamua mnyama, na mwaka 2024 kitabu cha viwango vya dawa cha Marekani kikaikubali.

Tozo Haina Baba
Basi narudi kwenye kuku wa kienyeji.

Msomi wa Kowloon
Mimi nataka kumpinga Fundi kidogo. Nilisoma Hong Kong. Kule Ocean Park na City University wana mpango ambao wanafunzi wa sekondari wanalea vitoto vya kaa-kwato madarasani kisha vinarudishwa kwenye tope za pwani. Tangi dogo, watoto wa shule, na wanaishi. Kwa hiyo kusema hafugiki si kweli moja kwa moja.

Fundi Tangi
Msomi, hujanipinga, umenisaidia. Tazama tofauti. Vile vitoto vimezalishwa maabara, havikuokotwa baharini. Walimu wamefundishwa, kuna wataalamu wa kupigiwa simu, wanafunzi wanalisha kwa ratiba na wanapima ukubwa. Na mwisho wake anarudi baharini akiwa bado mdogo. Hiyo ni kulea kwa muda. Anachouziwa Mwana wa Feri ni mnyama wa miaka 20 bila maelezo yoyote, na asiyeruhusiwa kurudishwa popote.

Msomi wa Kowloon
Hapo sawa. Na niongeze kwamba yule wa Asia Mashariki, mwenye mwili mkubwa, yuko kwenye orodha ya IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi, ya walio hatarini tangu 2019, na China imempa ulinzi wa kitaifa. Kule ukikutwa unamuuza, kesi. Wa Marekani yupo ngazi ya chini yake, ila naye yumo.

Kijana wa Nyali
Wadau, niko Mombasa, nina tangi la maji ya bahari, nachota mwenyewe na kuchuja. Naweza kuagiza mmoja kwa ndege?

Shombe la Unguja
Kijana, kwanza kibali: kiumbe hai wa majini haingizwi bila ruhusa ya idara ya uvuvi, Kenya au Tanzania. Pili, tangi lako liko hatua chache kutoka baharini. Siku umechoka naye utamwaga wapi? Tuna jongoo bahari hapa hapa anayepitisha mchanga tumboni na kuutoa msafi, mtafute huyo. Ila naye sio wa tangi dogo, na akivutwa na pampu ukamkata, kuna aina zinazotoa sumu ya kuua samaki wote.

Fundi Tangi
Kwa tangi dogo nashauri wale konokono wadogo wanaojizika mchangani, wakinusa kamba tu pua zinachomoza kila kona. Hao wanakula mabaki kweli.

Kibwana wa Minneapolis
Mimi ninaye tayari. Nilipewa na jamaa aliyekuwa anahama, pamoja na tangi lake zima. Lita kama 300, mawe mengi ya matumbawe, mchanga wa kokoto zile za matumbawe yaliyosagwa. Mnyama ana upana wa kiganja cha mtoto. Nampa vidonge vya samaki lakini samaki wanavila kabla havijafika chini. Juzi nimekuta kama mzoga wake pembeni, nikalia, kesho yake nikamwona anatembea. Nifanyeje?

Fundi Tangi
Kibwana, hongera, huo haukuwa mzoga, amejivua gamba. Angalia lile gamba: kwa mbele, kwenye ukingo wa mviringo, limepasuka kwa mstari, kwa sababu hutoka kwa kwenda mbele. Litakuwa jepesi, rangi ya chai isiyo na maziwa, unaona mwanga upande wa pili, na miguu yote imo ndani yake mitupu. Mfu ni mzito na harufu yake huhitaji kuambiwa. Sasa hivi gamba lake jipya bado laini, usimshike kwa siku kadhaa na samaki wadonoaji watoe.

Tatizo lako la kwanza ni chini. Kokoto za matumbawe zinakwaruza tumboni, ambako kuna matamvua yake, yale yaliyopangwa mithili ya kurasa. Anataka mchanga laini, kina cha sentimita 8 hadi 10 au zaidi, na eneo la wazi. Mawe yako yakikaa juu ya mchanga atachimba chini yake mpaka yamwangukie. Mawe yaguse kioo cha chini kwanza, mchanga ndio ufuate, na yawe machache.

La pili ni kulisha. Hana meno wala taya. Mdomo uko katikati ya miguu, na mashina ya miguu yana miiba inayosaga chakula anapotembea. Kwa hiyo vidonge vinavyoelea havimhusu. Kata kamba mbichi, ngisi au nyama ya chaza vipande vidogo, zima taa usiku, vishike kwa koleo refu uviweke chini ya ukingo wa gamba lake la mbele. Akivipata utaona miguu inaanza kuchapa haraka. Akishindwa, gamba likishakomaa, mgeuze taratibu ndani ya maji, weka kipande katikati ya miguu, mrudishe. Mara tatu nne kwa wiki. Na usimshike mkia kamwe! Ule si mkuki, haumdungi mtu. Ni wa kujigeuzia akiwa chali. Ukiukwanyua pale unapoungana na mwili, akianguka chali hatainuka. Mshike kwa pembeni za gamba.

Kuhusu maji, chumvi iwe kati ya 1.020 na 1.025 kwa kipimo cha uzito wa maji, joto usipandishe; likikaa nyuzi 20 hadi 24 za Selsiasi mimi nalala. Hita za watu wa matumbawe zikiwekwa 27 zinamchosha. Badilisha maji mara kwa mara, kwa sababu nyama unayompa itaongeza amonia. Na hili la mwisho lisome mara mbili: samaki wakipata madoa meupe usitie dawa yenye shaba kwenye tangi hilo. Damu yake ina shaba ndiyo, lakini ya dawa inaua kila asiye na uti wa mgongo.

Bi Mkubwa wa Kisauni
Mdomo katikati ya miguu! Kwa hiyo anatafuna kwa magoti. Subhanallah.

Kibwana wa Minneapolis
Ahsante sana Fundi. Gamba nimeliokota, mstari wa mbele upo kweli. Swali gumu: je, nimpeleke kwa akwariamu ya umma? Naona pale kwenye bwawa la kushikwa na watoto wanao.

Fundi Tangi
Piga simu kwanza, usiende na ndoo mlangoni. Wengi hawapokei wanyama wa majumbani kwa kuogopa magonjwa. Baltimore wanao kwenye mabwawa ya kugusa, lakini yale ni mabwawa mapana, na maji yanapimwa kila siku. Jaribu pia vyuo vyenye idara ya biolojia ya bahari. Wakikataa wote, hamia kwenye tangi la chini na pana, hata lile la plastiki la kunyweshea ng'ombe. Kina hakimsaidii kitu, sakafu ndiyo anayoihitaji. Ila baharini usimpeleke, hata ukisafiri mpaka Florida.

Mwana wa Feri
Wakuu nimesoma yote. Simnunui. Binti amenuna, nimemwambia nitampeleka akawaone wa kweli. Tuko karibu na Ghuba ya Delaware, wakati gani mzuri?

Fundi Tangi
Mwezi wa 5 na wa 6, usiku wa bamvua, mwezi ukiwa mpevu au mwandamo, maji yakijaa. Wanapanda ufukweni kwa maelfu, jike mbele na dume ameng'ang'ania nyuma, wanafukia mayai mchangani, mafungu ya kama 4,000. Hakuna sehemu duniani wanakotaga wengi kuliko hapo. Asubuhi ndege wahamaji wanaotoka kusini kabisa mwa Amerika kuelekea Aktiki wanashuka kula mayai hayo. Ndio maana New Jersey ilisimamisha kuwavuna kaa-kwato ili wawe chambo mwaka 2008, na ndio maana upande wenu fukwe kadhaa hufungwa kipindi hicho ndege wasibughudhiwe. Angalia ipi iko wazi kabla hujatoka. Kuna vikundi vya kujitolea vya kuwahesabu na kuwageuza waliobaki chali, mwandikishe binti huko. Kuokota na kuja naye nyumbani hapana, hata awe mdogo kiasi gani.

Mwana wa Feri
Duka nalo niwaambie nini?

Fundi Tangi
Waambie waweke mchanga. Wakikuuliza kwa nini, waulize wanawalisha nini.

Kibwana wa Minneapolis
Fundi, kabla hujaondoka. Usiku huu nimempa kipande cha ngisi kwa koleo, miguu ikachapa kama ulivyosema, kakimaliza. Nimuongeze?

Fundi Tangi
Amekula siku chache baada ya kujivua? Safi sana. Kimoja kingine tu, kisha utoe mabaki kesho asubuhi. Pima upana wa gamba la mbele bila mkia, na lile la zamani pia, uandike namba zote mbili hapa. Tukizipata tutajua alikuwa anashiba kiasi gani huko alikotoka.